Karatasi Kwanza, Kahawa Baadaye

Waliokuwepo siku ile nyumbani kwa marehemu Byabato, huko Ihembe, ni hawa. Mjane wake Domitila, tuliyemwita Mama Alinda, alikuwa amekaa uani juu ya nyasi, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti. Rwezaura, mdogo wake marehemu, alikuwa akipita huku na huko kama mwenye nyumba. Bwana Projesti, mwenyekiti wa kitongoji, alikalia kiti pekee chenye mgongo. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wakimenya ndizi. Na mimi, Leokadia, mhudumu wa mahakama ya mwanzo, nilikuwa nimesimama pale migomba inapoishia na ua kuanza, mkoba wa mahakama begani.

Naanza na majina kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazi. Karatasi ya maana huanza na waliokuwepo. Siku mambo yakiharibika na watu wakaanza kuulizwa, utashangaa ni wangapi watasema walikuwa shambani. Mimi sikuwa shambani. Nilikuwepo, na kilichoharibika siku ile nilikiharibu mimi.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaoajiriwa mahakamani, na ninyi wengine ambao mtaingia humo siku moja mtake msitake, mkikutana nami mnaniuliza: Bibi, kazi ya kupeleka karatasi ilikuwa na ugumu gani? Mtu anapanda baiskeli, anafika, anatoa karatasi, anarudi. Kaeni niwaeleze ugumu wake.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Bagenda. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha, na baiskeli yake haikuwa na breki ila soli ya kiatu chake cha kulia. Kabla hajanikabidhi mkoba alinifundisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa kahawa.

Kwetu mgeni akifika haanzi kwa maneno. Anapewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikafungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Ukizipokea na kuzitia mdomoni umekubali kuwa mgeni wa nyumba ile, na mgeni haleti ubaya mpaka aondoke. Sasa wewe umetumwa na mahakama. Ukishatafuna kahawa ya mtu, utamtoleaje karatasi inayosema ameshtakiwa? Mkono hautoki mkobani. Nimeona wanaume wenye vifua vipana wakirudi na wito uleule waliotoka nao asubuhi, wakimdanganya karani kwamba hawakumkuta mhusika, na kahawa bado iko mdomoni.

"Karatasi kwanza, kahawa baadaye," Mzee Bagenda aliniambia. "Wakikukaribisha, simama. Wakikuletea kiti, simama. Sema kwa heshima, waitu, nimetumwa, nikikabidhi mzigo huu nitakaa. Mtu akishatia sahihi, kama bado anataka kukupa kahawa, tafuna. Wengi hawatataka."

Wengi hawakutaka. Kuanzia Ihembe hadi Kihanga na Rugera waliniita Mama Samansi, kwa ajili ya zile karatasi za wito. Kulikuwa na mama mmoja Kihanga aliyekuwa na mtoto asiyekula. Alimwambia, "Usipomaliza hilo tonge namwita Mama Samansi." Siku moja nikapita kweli, kwa shughuli zangu, nikaona mtoto anameza bila kutafuna. Nilicheka, lakini njiani sikufurahi.

Jambo la pili lilikuwa rejesta. Zilikuwa tatu kwenye meza ya karani: ya jinai, ya madai na ya mirathi. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo mwanzoni nilizitambua kwa madoa. Ya jinai ilimwagikiwa wino, ya madai ilichanika mgongo, ya mirathi ilikuwa safi. Mzee Bagenda akaniambia niache kuangalia madoa.

"Jiulize nani analia," alisema. "Kwenye jinai anayelia ni serikali. Hata aliyepigwa akisamehe, serikali inaweza kuendelea kulia. Ikishinda, mtu anafungwa au analipa faini, na faini haiendi kwa aliyepigwa. Kwenye madai anayelia ni mtu mwenyewe. Anataka chake kirudi, au fidia ya chake. Akinyamaza, kesi inanyamaza. Na kwenye mirathi, mwenye mali hawezi kulia, amekufa. Hapo inabidi wasikilizwe wote walio hai, na zaidi wale wasiosema."

Baadaye nilijifunza kuna milango mingine. Kuna nidhamu, ambapo anayelia ni mwajiri wako, na hakufungi wala hakudai, anakushusha cheo. Kuna mambo ya ardhi, ambayo hayakai mahakama ya mwanzo, yana mabaraza yake. Na kuna tofauti moja ambayo watu wa vitabu wanaipa majina marefu: kuna sheria inayosema nini ni haki yako, na kuna sheria inayosema njia gani ipitwe mpaka uipate. Mimi nilikuwa mtu wa njia. Mtu wa njia hadhaniwi kuwa mkubwa, lakini akikaa vibaya hakuna anayepita.

Niwape mfano wa kuchekesha kabla sijarudi Ihembe. Kihanga alikuwepo mwalimu mmoja, Mwalimu Tito, mpole, mwenye migomba aliyoipenda kuliko chaki. Ng'ombe wa mfugaji jirani aliingia, akala migomba michanga. Mwalimu akatoka na panga. Anasema alitaka kumtisha tu. Ng'ombe akaondoka, mkia ukabaki.

Ndani ya wiki mbili nilimpelekea wito wa jinai kwa kumjeruhi mnyama. Juma lililofuata nikampelekea wito wa madai, mfugaji anataka fidia. Nilipomkuta na ule wa pili alikuwa ameshika barua ya tatu kutoka kwa mamlaka yake ya nidhamu, inamtaka ajieleze kwa nini mwalimu anakimbiza mifugo na panga mbele ya wanafunzi.

"Mama Samansi," akasema, "ng'ombe ana mikia mingapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Na mimi nimekata mara ngapi?"

"Mara moja, Mwalimu."

"Sasa mbona karatasi tatu?"

"Mkia ni mmoja, Mwalimu. Wanaolia ni watatu."

Kwenye jinai aliachiwa. Shahidi aliona panga na akaona mkia, lakini hakuona vilipokutana, na jinai haitaki kubaki na shaka ya maana. Mwalimu akanunua pombe ya ndizi akanywesha watu. Mwezi uliofuata akashindwa kwenye madai, kwa sababu huko wanapima tu ni upande upi mzito zaidi, na upande wenye ng'ombe asiye na mkia ulikuwa mzito. Alikuja mahakamani akilalamika kwamba amehukumiwa mara mbili. Karani akamweleza, hakuelewa. Akapewa onyo la nidhamu pia, na wanafunzi wakamwita Mwalimu Mkia mpaka anahama. Yeye ndiye aliyenifanya nielewe kwamba kosa moja linaweza kusimama kwenye milango mitatu, na kuachiwa kwenye mmoja hakukutoi kwenye mingine. Wakati ule niliona ni hadithi ya mtu mwingine.

Sasa niseme kwa nini mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kujua.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, baba kwanza, mama mwaka uliofuata. Tulibaki watano, mimi mkubwa, Evodia mdogo bado ananyonya kidole. Tulikuwa na kibanja, migomba na kahawa na nyumba katikati. Baba mdogo akaja akasema watoto watagawanywa kwa ndugu na kibanja atakitunza yeye. Alifungua mirathi kimyakimya. Siku moja nikiwa navuna kahawa akafika mtu mwembamba anayekohoa, kiatu chake kimoja kimeisha soli.

"Nani mkubwa hapa?"

"Mimi."

"Nasema mkubwa."

"Shikamoo. Ni mimi."

Alinitazama. Baba mdogo alitoka ndani na kahawa kwenye jani, akamwambia karibu mzee, kaa, hayo ya watoto tutaongea wenyewe. Mzee Bagenda hakukaa. Alipita pembeni yake, akaniwekea karatasi mkononi, akanisomea yote, mpaka tarehe, akanionyesha pa kuweka dole gumba. Ndipo akapokea kahawa, na baba mdogo hakuwa na hamu tena ya kumpa.

Nilikwenda tarehe ile na wadogo zangu wote wanne. Hakimu aliuliza kama kuna pingamizi nikasema lipo. Msimamizi akateuliwa shangazi yetu, kibanja kikabaki chetu, hatukugawanywa. Sikurudi shule, mtu alipaswa kupika. Nilipokuwa mkubwa mahakama ikahitaji wa kufagia, na Mzee Bagenda akakumbuka jina langu. Kwa hiyo kila nilichokula maishani, na kila ada niliyowalipia wadogo zangu, kimetokana na mtu mmoja kukataa kukaa.

Sasa mrudi nami Ihembe. Mzee Bagenda alikuwa ameshastaafu, na mkoba ulikuwa wangu kwa miaka mingi. Wito niliobeba ulikuwa wa mirathi ya Byabato. Mwombaji alikuwa Rwezaura, akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mjane alitakiwa aje aseme kama ana pingamizi. Ilikuwa wiki ya tatu tangu mazishi na matanga yalikuwa hayajaondolewa. Mtu anayewahi mahakamani kabla ya matanga kuondolewa, hilo peke yake lilipaswa kuniamsha.

"Karibu, dada, karibu," Rwezaura akasema. "Hapa ni msibani. Hatusalimiani tumesimama."

Na ni kweli. Kwetu msibani unasalimia umekaa chini, na kusimama ni kuwaambia waliofiwa kwamba uchungu wao hukuhusu. Mzee Bagenda hakuwahi kunifundisha la kufanya kanuni yake ikikutana na msiba. Nikakaa. Kabla sijaweka mkoba vizuri, kahawa ilikuwa kiganjani. Mama Alinda alinitazama kutoka kwenye nyasi zake, akanyanyua mkono kidogo kunishukuru kwa kuja kumpa pole. Alidhani nimekuja kumpa pole. Nikatafuna.

"Una ujumbe?" Rwezaura akauliza chinichini.

"Nina wito wa Mama Alinda. Inabidi nimpe mkononi."

"Mtazame, dada."

Nilimtazama. Alikuwa anakunja kanga ya marehemu aliyokuwa akijifunika alipougua, anaikunja, anaikunjua, anaikunja.

"Utamwekea karatasi ya mali mikononi mbele ya watu hawa? Watasema mahakama imekuja kugawa nguo kabla hazijafuliwa. Nipe mimi. Matanga yakiondolewa nitamsomea mwenyewe, polepole."

Bwana Projesti akatikisa kichwa kukubali. Wanawake wawili waliacha kumenya, wakasikiliza bila kututazama. Kahawa ilikuwa mdomoni. Nikampa.

Kumpa tu kulikuwa uzembe, na uzembe ungerekebishika. Kilichofuata hakikuwa uzembe. Nakala ya pili ya wito hurudi mahakamani, na nyuma yake mpelekaji anaandika amempa nani. Rwezaura aliweka dole lake kwenye nakala ile. Nilipofika njia panda nilisimamisha baiskeli, nikafikiri nikiandika jina la Rwezaura karani atanirudisha, na kurudi pale sikuweza. Dole gumba halina jina. Jina niliandika mimi. Niliandika: Domitila, mjane, amepokea mwenyewe.

Siku ya shauri niliita mlangoni kama utaratibu unavyotaka. Niliita Domitila mara tatu kwenye uwanja ambao hapakuwa na mtu ila mbuzi wa jirani. Hakimu akasoma nakala, akasema, "Amepewa wito, hakuja. Hakuna pingamizi." Rwezaura akateuliwa msimamizi wa mirathi. Nilijiambia kwamba huenda alimsomea na mama hakutaka kuja. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Migomba ilikuwa imeshazaa mkungu mwingine Mama Alinda alipokuja mahakamani, akitembea kwa fimbo. Rwezaura alikuwa amekiuza kibanja kwa mfanyabiashara wa kahawa anayeitwa Gervas, na mama alikuwa amepewa siku saba za kutoa vitu vyake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Alinda, aliyeolewa Kyerwa. Mnajua maana yake. Hapakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mkwe.

Hakimu alifungua faili. "Mama, hapa uliweka dole."

"Dole la nani?"

"Lako."

Alinyanyua mkono akakitazama kidole chake mbele nyuma. "Hili?" Kisha akageuka, akaniona nimesimama mlangoni. "Huyu alikuja. Alikaa, akatafuna kahawa. Hakunipa kitu."

"Leokadia?" hakimu akauliza.

Evodia wetu alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Nilikuwa na mshahara mmoja na watu wanne waliozoea kuutegemea. Nikasema, "Mheshimiwa, kumbukumbu ndiyo hiyo."

Mama Alinda hakubishana. Alichukua fimbo yake, akaondoka. Siku saba zile aliondoa vitu vyake. Siku saba zilezile mimi nilinyamaza, nikifagia mahakama mara mbili kwa siku. Jumapili nilitoa kopo la bati ninalowekea karatasi za nyumbani, nikakuta ule wito wangu wa utotoni, nakala niliyoachiwa, iliyojazwa kama ile ya mahakama, dole langu dogo, na mwandiko wa Mzee Bagenda nyuma: amepewa mwenyewe, amesomewa, ameelewa. Kesho yake niliingia kwa hakimu kabla hajavua koti.

"Mheshimiwa, dole lile si lake."

Alikaa. "Leokadia, ukimaliza sentensi hiyo nitalazimika kuiandika."

"Iandike, Mheshimiwa."

Basi nikaijua ile milango kwa kuipita. Kwenye jinai, polisi walichukua maelezo yangu, jalada likaenda, likarudi bila mashtaka. Walisema hawakuona nia ya kumdhulumu mtu. Sijui kama walikuwa sahihi. Pale njia panda nilikuwa na nia, ila ilikuwa nia ya kujificha. Kwenye nidhamu niliitwa nijieleze, nikapewa karipio la maandishi na nyongeza yangu ikasimamishwa, na kwa miaka iliyobaki wadogo kwangu walinipita vyeo. Niliona ni haki. Kwenye madai, kijana mmoja wa msaada wa kisheria alimwambia Mama Alinda anaweza kudai fidia, mimi nikiwa miongoni mwa wadaiwa. Mama alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Nimdai huyu?" akasema. "Atanilipa nini, ufagio?"

Rwezaura naye alishtakiwa kwa ubadhirifu wa mali ya marehemu, akafungwa, akatoka amekonda, akahama. Kifungo chake hakikurudisha mgomba hata mmoja, kwa sababu kazi ya jinai si kurudisha. Hakimu alifuta usimamizi wake. Lakini kibanja kilikuwa mikononi mwa Gervas, aliyenunua kwa karatasi ya mahakama akiamini ni safi, na mgogoro wa ardhi ulipaswa kuanza upya kwenye baraza lake. Mama Alinda alilianza. Alihudhuria mara mbili kutoka Kyerwa na goti lile. Mara ya tatu tarehe ilitumwa kwa ujumbe wa simu. Yeye hana simu. Ujumbe uliingia kwenye simu ya mkwe, na mkwe alikuwa kwenye mnada wa ng'ombe, akausoma baada ya siku nne. Shauri likafutwa kwa kutohudhuria. Aliambiwa anaweza kuomba lirudishwe. Alisema amechoka kutembea kwenda kuambiwa hakuja.

Ninyi mnapenda simu, nami sizikatai. Zimepunguza vumbi na mbwa. Lakini mkituma ujumbe, ulizeni ni mkono wa nani ulioshika simu. Simu inakwambia imefika. Hata mimi niliandika imefika.

Nilianza kwenda Kyerwa kumwona, mara ya kwanza kwa miguu kutoka kituo, sikujua nitasema nini. Alinda alinifungulia, akanifungia, akanifungulia tena. Mama alikuwa ameketi jikoni. Hakaribii sebuleni mkwe akiwepo, ndiyo heshima ya ukwe, na mkwe yupo siku zote. Ni mtu mzuri yule mkwe, na ubaya wa jambo uko hapohapo, maana hana wa kumlalamikia.

"Umeleta karatasi?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kukusalimu."

"Siku ile pia nilidhani umekuja kunisalimu."

Niliendelea kwenda. Mwaka jana ndipo aliponiambia anachotaka. Hataki kibanja tena, amesema, migomba aliyoipanda imeshazeeka. Anataka azikwe pale, kando ya Byabato. "Sitaki kuzikwa kwa mkwe, Leokadia. Mtu anayezikwa kwa mkwe, siku ya kuliombea kaburi wataanza kuulizana alikuwa nani." Nikamwambia nitalishughulikia. Hilo ndilo deni langu. Halimo kwenye rejesta hata moja, na hakuna hakimu wa kunikumbusha tarehe.

Nilimwendea Gervas mara tatu. Si mtu mbaya, kaburi la Byabato amelizungushia maua. Mara ya tatu aliniambia ukweli.

"Mama Samansi, nikiruhusu azikwe hapa, kesho wajukuu zake wanakuja. Watasema hapa amelala bibi na babu, hapa ni kwetu. Wewe umekaa mahakamani, unajua kaburi linavyosema mbele ya baraza."

"Najua."

"Basi aweke dole kwamba hana dai, yeye na mwanawe. Nitamchimbia mwenyewe, kwa heshima."

Karatasi aliiandikisha vizuri, na nafasi mbili za dole. Nikaitia kwenye mkoba wangu wa zamani, ambao walinipa nilipostaafu kwa sababu hakuna aliyeutaka.

Mwezi uliopita nilifika nayo Kyerwa. Waliokuwepo ni Mama Alinda na mimi tu. Alinda alikuwa shambani. Mama alinyoosha mkono, kwenye kiganja kuna jani lenye kahawa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kunipa. Nilibaki nimesimama.

"Karatasi kwanza, mama."

Alishusha mkono. "Soma."

Nilimsomea yote, polepole, kisha nikarudia. Alisikiliza huku akilisugua goti.

"Kwa hiyo niseme pale si kwangu," akasema, "ndipo nilazwe pale."

"Ndivyo alivyoandika."

"Na wewe unasemaje?"

Jibu la miaka yote lilinijia mdomoni: mimi nimetumwa tu. Nililimeza. "Nasema karatasi hii ukiweka dole ni ya kweli. Haitafutika. Usipoweka, sina njia nyingine niliyoipata."

Aliuchochea moto. "Rudi nayo," akasema. "Dole langu liliwahi kuwekwa mara moja bila mimi. Safari hii nataka nilifikirie." Kisha akanipa tena lile jani. "Sasa tafuna. Ihembe ulitafuna haraka."

"Leo siwezi, mama."

"Basi beba. Utaweza siku utakayoweza."

Karatasi iko mkobani, nafasi zake mbili bado nyeupe. Gervas ameuliza mara mbili. Alinda ameniambia kwa simu kwamba goti la pili nalo limeanza, na kwamba mama hatoki tena jikoni. Ile kahawa nimeiweka kwenye kopo la bati, juu ya wito wenye dole langu dogo. Jana nilifungua nikaiona. Jani limeanza kupasuka, buni ziko zote, sijatafuna hata moja.